Chuma Kisichokatwa: Historia ya Efekti Inayotawala Mabango Yetu na Watu Wasiotajwa

Haya wadau, leo tunawapumzisha mastaa. Hakuna habari ya nani kaachana na nani. Leo ni zamu ya watu ambao kazi zao mnaziona kila siku ila majina yao hamyajui: wale wanaokata chuma bila kugusa chuma.

Hiyo efekti unaijua. Jina la msanii linaonekana limekatwa kwenye bati zito, kingo zinang'aa, ndani ya herufi kuna giza, cheche zinaruka pembeni. Ipo kwenye mabango ya shoo, kava za nyimbo, makasha ya filamu za mapigano, mpaka kwenye vioo vya daladala. Wengi wanadhani ni kitufe kimoja tu, unabonyeza, imeisha hiyo. Kumbe nyuma yake kuna mtaalamu wa nyota wa zamani, Mvietinamu aliyefariki mapema, mwanafunzi aliyekuwa anakwepa kuandika tasnifu yake, na jangwa ambalo wengi wetu hatujawahi kulikanyaga.

Ujanja wa kwanza uko kwenye jicho lako

Tuanze kabla ya kompyuta. Jicho lako linaamini kitu kimoja bila hata kuuliza: mwanga unatoka juu. Jua liko juu, taa ya sebuleni iko juu. Kwa hiyo ukichora herufi yenye kivuli upande wa juu na mwanga upande wa chini, ubongo unasema hapa pamechimbwa. Ukigeuza, mwanga juu na kivuli chini, ubongo unasema hapa pamevimba. Herufi ni ileile, bango ni lilelile.

Jaribu sasa hivi. Chukua bango lenye herufi zilizochimbwa, zuia skrini ya simu isijigeuze yenyewe, halafu ishike simu kichwa chini miguu juu. Herufi zitatoka nje kama zimebandikwa. Picha za mashimo ya mwezini nazo hufanya hivyohivyo, shimo linakuwa kilima.

Hili halikugunduliwa na dizaina. Mwaka 1786 mtaalamu wa nyota wa Philadelphia, David Rittenhouse, alilieleza alipokuwa anajiuliza kwa nini vitu vilivyochimbwa vinaonekana vimevimba ukivitazama kupitia lenzi zinazopindua picha. Jibu lake lilihusu upande mwanga unaodhaniwa unatokea. Zaidi ya miaka 200 baadaye, dizaina wa Kariakoo anapochagua mwanga uangukie upande gani, anacheza mchezo uleule.

Chuma hakina rangi, kinaazima

Ujanja wa pili ni mng'ao. Angalia bampa ya gari iliyopigwa kromu. Ina rangi gani? Ukisema fedha, angalia tena. Juu utaona anga, chini utaona barabara, katikati kuna mstari mweusi ambapo mbingu inakutana na ardhi. Kromu ni kioo tu. Inaazima rangi za jirani zake.

Wachoraji wa brashi ya hewa walilijua hilo mapema. Mjapani Hajime Sorayama alipata umaarufu mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 kwa kuchora maroboti ya kike yanayong'aa mpaka unataka kujitazama ndani yake. Alichora kwa mkono, na kitabu chake cha maroboti hayo kilitoka mwaka 1983, wakati Photoshop haijazaliwa.

Kanuni ya wachoraji wa kromu ilikuwa rahisi: bluu ya anga juu, inafifia mpaka nyeupe, halafu mstari mzito wa giza, halafu kahawia ya ardhi inayopauka kuelekea chini. Yaani anga na jangwa. Sasa fungua Photoshop za miaka ile, nenda kwenye rangi za mteremko zilizokuja na programu, tafuta ile iliyoitwa Chrome. Bluu, nyeupe, kahawia, dhahabu. Jangwa lilelile! Bango la shoo ya Mbagala, herufi zake zinaakisi mchanga ambao haupo Mbagala. Hakuna aliyewahi kulalamika, maana jicho halikagui pasipoti ya mng'ao.

Vijana wa Utah

Kompyuta nazo zilihitaji kufundishwa kung'aa. Darasa kubwa lilikuwa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, miaka ya 1970. Pale alikuwepo Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi mwaka 1942. Alitengeneza hesabu ya kuipa sura ya kitu cha kompyuta ile nukta kali ya mwanga inayokwambia kitu hiki ni laini, kinateleza. Makala yake ilichapishwa mwaka 1975. Mwaka huohuo akafariki, akiwa na miaka 32 au 33 tu.

Mwaka 1976 James Blinn na Martin Newell, nao wa Utah, wakaonyesha namna ya kukifanya kitu cha kompyuta kiakisi mazingira yake, kama ile bampa. Mwaka 1978 Blinn akaja na kingine: kuufanya uso bapa uonekane una mabonde na vilima kwa kudanganya mwanga tu, umbo lenyewe lisiguswe. Mdau, hiyo ndiyo roho ya herufi iliyokatwa kwenye bati. Hakuna kilichokatwa. Mwanga tu umedanganywa.

Mnaotumia Maya mnajua: kwenye orodha ya aina za nyuso kuna Phong na kuna Blinn. Majina ya watu yamekaa ndani ya menyu. Likumbuke hili, tutalirudia.

Ndugu wawili na picha ya ufukweni

Mwaka 1987 Thomas Knoll alikuwa mwanafunzi wa udaktari Chuo Kikuu cha Michigan. Kompyuta yake, Mac Plus, ilionyesha nyeusi na nyeupe tu, hakuna kijivu. Akaanza kuandika programu ndogo ya kuifanya ionyeshe vivuli vya kijivu. Mdogo wake John alikuwa anafanya kazi Industrial Light & Magic, kampuni ya efekti za filamu iliyoanzishwa na George Lucas. John akaona hiki si kitu cha kuchezea. Wakakikuza pamoja. Adobe wakaingia mkataba nao, na Photoshop ya kwanza ikatoka Februari 1990.

Ili kuonyesha watu programu inafanya nini, John alitumia picha aliyompiga mpenzi wake Bora Bora, amekaa mchangani, ameipa kamera mgongo. Watu walimkata, wakamkopi, wakampa pacha. Sura yake haionekani kabisa. Yaani mtu wa kwanza maarufu wa Photoshop ni mtu asiyeonekana uso. (Waliooana kwa ajili ya umbea: ndiyo, walioana.)

Mwaka 1991 kampuni hiyohiyo ya John ilikuwa kwenye Terminator 2, ile yenye jamaa wa chuma cha majimaji anayepigwa risasi na matundu yanajiziba. Filamu ikabeba Oscar ya efekti. Baada ya hapo kila mtu alitaka chuma kwenye jina lake.

Enzi za jasho, kisha enzi za kitufe

Mwanzoni haikuwa rahisi. Ulihifadhi umbo la herufi pembeni, ukalififisha, ukatengeneza nakala mbili, moja ukaisogeza kidogo juu kushoto, nyingine chini kulia, ukazitoa moja kwenye nyingine. Tofauti yao ndiyo ilikupa upande wa mwanga na upande wa kivuli. Hata leya hazikuwepo mpaka toleo la 3.0 mwaka 1994. Watu walijifunza kwa kupeana mbinu. Mjerumani Kai Krause alisambaza zake bure kwenye mtandao wa America Online. Kampuni ya Alien Skin ikauza filta za ziada, mojawapo iliitwa Carve, nyingine Chrome.

Mwaka 1998 Photoshop 5.0 ikaleta Bevel and Emboss kama efekti ya leya. Mwaka 2000 toleo la 6.0 likaifanya iwe mtambo kamili: mteremko wa rangi, kivuli cha ndani, hata umbo la mng'ao unalichora mwenyewe. Chuma kilichopigwa brashi? Weka chembechembe kwa Add Noise, zivute kwa Motion Blur, chembe zinageuka kuwa mikwaruzo. Dakika mbili.

Hapo ndipo mji ukajaa chuma. Na hapo ndipo chuma kikaanza kuwa feki.

Gerezani hawadanganyiki

Kuna dizaina mmoja wa Dar, simtaji kwa sababu hajaniomba nimtaje. Simu yake haina selfii. Ina picha za vyuma alizopiga kwa mafundi wa kuchomelea, Gerezani. Yeye ndiye aliyenifungua macho kwamba kitufe hakijui kukata.

Herufi O ikikatwa kwenye bati mpaka upande wa pili, kipande cha katikati kinadondoka. Ndiyo maana maandishi ya kukatwa kweli yana vidaraja vidogo vya kushikilia. A, B, D, P, R, zote hivyohivyo. Kwenye mabango yetu katikati ya O inaelea hewani kama ina malaika.

Bati lina unene. Ukilikata, lazima uone ukuta wa ndani, tena upande mmoja zaidi ya mwingine. Ukuta uliokatwa kwa gesi una mistari mistari ya kushuka. Grinda nayo ina diski ya duara, kwa hiyo kwenye kona mkato unapitiliza kidogo, na kona kali ya ndani haiwezi kutoka safi. Chuma kilichopata moto kina rangi pembeni ya mkato: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha bluu inapofika karibu nyuzi 300 za Selisiasi. Ni utando mwembamba wa oksidi, unene wake ndio unaobadilisha rangi. Na cheche: chuma cha kawaida kinatoa, alumini haitoi. Ukichora alumini nyeupe inamwaga cheche, fundi wa Gerezani anacheka tu.

Jamaa anaviweka vyote hivyo. Watu hawajui kwa nini bango lake linapendeza. Wanasema tu "hili kali".

Sasa tuongee majina

Kwa miaka mingi Photoshop ilipofunguka ilikuonyesha orodha ya majina ya walioitengeneza, Thomas Knoll wa kwanza. Phong kafariki 1975, jina lake bado liko kwenye menyu. Huko wanajua kazi ina mwenyewe.

Sasa angalia bango la shoo hapa kwetu. Lina jina la msanii, promota, ukumbi, bei ya tiketi, soda iliyodhamini. Aliyelitengeneza? Hayupo. Yule jamaa aliwahi kuweka jina lake dogo chini kwenye kona. Promota mmoja akalikata kabla ya kulirusha. Eti linachafua muonekano. Bango likazunguka mji mzima, wateja wakaulizana nani katengeneza, hakuna aliyejua, na kazi zilizofuata zikaenda kwa wengine. Hapo si suala la sifa. Jina kwenye kona ndilo tangazo pekee alilonalo, na likikatwa hilo, kodi ya mwezi ujao nayo imekatwa.

Na mambo yanazidi kubana. Tangu 2023 Photoshop yenyewe inakubali uandike maneno tu, ikutengenezee picha. Itakupa chuma, itakupa cheche, na haitamtaja fundi wala dizaina yeyote ambaye jicho lake limefanya sisi wote tujue chuma kilichokatwa kinafananaje. Mtu ambaye jina lake halipo kwenye kazi ya jana, kesho atathibitishaje kwamba aliwahi kuwepo?

Kwa hiyo mapromota na wasanii mnaopita hapa: mstari mmoja kwenye kona hauchafui kitu. Na wewe mdau, leo usinikomentie "nice". Shuka hapo chini, taja bango moja unalolikubali. Kama unamjua aliyelitengeneza na hana shida kutajwa, mwandike. Kama humjui, uliza. Tuone wangapi tutawapata.