Usanifu Nchi, Wala Si Upambaji wa Bustani

Binti wa jirani alinijia na kijitabu cha kozi za vyuo vikuu, kidole juu ya mstari mmoja. "Mjomba, hii 'Shahada ya Upambaji wa Bustani' ni ya kwenda kusomea chuo kikuu? Mbona mzee wa pale msikitini hukata nyasi bila shahada?" Waliofasiri kijitabu sitawataja, watajijua. Mtoto huyu anapenda ramani, mito na miti, na jina lile lilikaribia kumfukuza kwenye kozi inayomfaa kuliko zote.

Bustani naipita haraka, maana kosa lake li wazi. Bustani ina ua na mwenyewe. Fani hii, ambayo Waingereza huiita landscape architecture, hushughulika na bonde zima, njia ya maji ya mvua, ufuo, barabara na wapita njia wake.

Mpinzani hasa ana adabu zaidi: "usanifu wa mandhari". Mandhari limetoka kwa Waarabu, na mzizi wake ni kutazama. Ndugu zake kwetu ni nadharia na nadhari. (Nadhiri si wa ukoo huu, ingawa msomi mmoja alilitia humo mbele ya hadhira akapigiwa makofi.) Basi msanifu wa mandhari ni msanifu wa kinachoonekana. Na maji yanayopita chini ya udongo tumwachie nani?

Nitaambiwa kwamba Wazungu nao walianzia machoni. Kweli. Landschap ya Waholanzi ilikuwa eneo, jimbo, hadi wachoraji walipoitia ndani ya fremu. Waingereza wakaipokea ikiwa picha tayari, wakaiita landscape. Gilbert Laing Meason alipoliambatisha neno hilo na usanifu mwaka 1828, kitabu chake kilihusu wachoraji wa Italia. Frederick Law Olmsted, aliyesanifu Central Park ya New York pamoja na Calvert Vaux, alimwandikia Vaux mwaka 1865 akilalamika kwamba jina la kazi yao linamkera: neno la kwanza halifai, la pili halifai, na yakiunganishwa hayafai vilevile. Sisi ndio tunaokimbilia kurithi kilichomchosha mwenyewe!

Ninalolitetea ni usanifu nchi. Nchi, kabla ya kupata bendera, ilikuwa udongo unaokanyagwa. Twasema nchi kavu. Walimu wa jiografia husema sura ya nchi, wala hakuna mwanafunzi anayedhani wanazungumzia Ikulu. Chini ni nchi hiyo hiyo iliyotiwa -ni ya mahali. Asiyesadiki awasikilize watu wa Lamu na Mombasa: nti, tini. Na umbo lake ni lile lile la usanifu majengo, bila kukokota "wa".

Nilipolitoa jina hilo katika kikao kimoja cha istilahi, mwenyekiti aliuliza kama huyo msanifu nchi ataandika na katiba. Watu wakacheka, chai ikaletwa, hoja ikafa. Chai sikuinywa.

Laiti mwenyekiti yule angekwenda Bamburi, karibu na Mombasa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, penye mwamba mtupu wa matumbawe. Mivinje ikashika, lakini majani yake yakawa hayaozi, yanarundikana tu, mpaka walipoletwa majongoo wakayala na kuyageuza mboji. Ndipo udongo ukapatikana. Sasa jongoo naye ni mandhari?

Anayechagua chuo, fani hii inafundishwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, na Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Atazame kama masomo yana udongo, maji, mimea ya kienyeji na saa za kutosha za studio na za kwenda uwandani. Basi.

Binti nilimweleza yote haya, mizizi na matawi, muda wa birika mbili za kahawa. Alisikiliza kwa heshima. Fomu ameijaza, kozi ameichagua, na jina la kozi ameliandika kwa Kiingereza.