Kwa Nini Kuta za Chumba Kile Ni Nene?

(Muziki wa kufungua. Mtangazaji anaingia.)

Leo tutasimulia historia, na historia yenyewe inaanza na barua.

Dada mmoja ametuandikia kwamba alimsindikiza mama yake hadi hospitali moja kubwa kupigwa picha ya saratani. Mama alidungwa sindano, akaingizwa katika chumba kidogo chenye mlango mzito kama wa benki, akaambiwa alale kimya kwa muda wa saa nzima. Dada huyu, ambaye ana mimba ya miezi sita, alitaka kukaa naye amshike mkono. Muuguzi akamkatalia. Tena akamwambia asikae hata kwenye benchi la pale nje ya mlango, bali aende akangoje mapokezi. Dada anaandika kwa uchungu: "Walimtenga mama kama mwenye ukoma. Je, alikuwa hatari kwangu? Na kama ni hatari, mbona walimdunga dawa hiyo?"

Maswali haya ni ya haki. Ningeweza kuyajibu kwa neno moja tu, mionzi, kisha tukapiga muziki. Lakini ule mlango mzito una hadithi ndefu, na ukiijua hutamkasirikia yule muuguzi.

Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, profesa Wilhelm Röntgen aligundua miale isiyoonekana kwa macho, inayopenya nyama na kuzuiwa na mfupa. Kabla ya Krismasi ya mwaka huo alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa yote ikionekana, pamoja na pete kidoleni. Hiyo ndiyo eksirei. Katika miezi michache tu mashine zilikuwa zimeenea Ulaya na Marekani, na watu walilipa pesa kuitazama mifupa yao kama sinema.

Röntgen mwenyewe alijitengenezea kijumba cha mabati ya zinki, kikubwa cha kumtosha yeye na vyombo vyake, na ukuta wake mmoja akaufunika kwa risasi. Nikisema risasi, nina maana ya yale madini mazito ya kijivu ambayo wavuvi hufanyia chubwi za mishipi yao, na ambayo ndiyo yaliyozipa risasi za bunduki jina. Nia yake haikuwa kujikinga. Alitaka vipimo vyake visivurugwe. Lakini kijumba kile kilimkinga, na wengi waliomfuata hawakuwa na kijumba.

Mmoja wao alikuwa Clarence Dally, fundi wa vioo aliyefanya kazi kwa Thomas Edison, yule mvumbuzi maarufu wa Marekani. Kila walipotaka kujua kama mashine inafanya kazi, Dally aliweka mkono wake mbele ya miale na kuutazama. Siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Nywele zikanyonyoka, ngozi ikaungua, vidonda vikakataa kupona, saratani ikaingia. Mikono yote miwili ilikatwa. Alifariki mwaka 1904 akiwa na umri wa miaka 39, na Edison akaacha kabisa kazi ya eksirei.

Linaloumiza ni kwamba onyo lilikuwa limekwisha kutolewa. Mwaka 1901 daktari wa meno wa Boston, William Rollins, aliwaweka wanyama wa maabara mbele ya miale hiyo, wakafa bila ngozi yao kuungua. Kwa hiyo madhara yanaweza kufika ndani pasipo dalili nje. Rollins akashauri mashine ifungiwe ndani ya kasha la risasi, na mgonjwa afunikwe isipokuwa pale panapopigwa picha. Wenzake wengi hawakumsikiliza. Nadhani walimwona mwoga.

Ilichukua miaka 20 na makaburi mengi. Mwaka 1921 Uingereza iliunda kamati ya kuwakinga wafanyakazi wa eksirei na radiamu. Mwaka 1928 madaktari wa nchi nyingi walikutana Stockholm, Uswidi, wakakubaliana juu ya unene wa risasi kulingana na nguvu ya mashine. Na mwaka 1936, katika bustani ya hospitali moja ya Hamburg, Ujerumani, palisimamishwa mnara wa ukumbusho wenye majina 169 ya madaktari, mafundi, wauguzi na wanasayansi waliouawa na mionzi. Baadaye majina mengine mengi yaliongezwa.

(Muziki mfupi.)

Hadi hapo, msikilizaji, adui alikuwa mmoja: mashine. Nayo mashine ina swichi. Ukiizima, miale imekwisha papo hapo, na unaweza kuingia chumbani ukafagia bila wasiwasi wowote. Ukuta wa chumba cha kawaida cha eksirei hutiwa risasi ya unene wa milimita 2 hivi, na hiyo yatosha.

Mambo yalibadilika pale madaktari walipoanza kumpa mgonjwa dawa yenye mionzi aimeze au adungwe. Mwaka 1941, huko Boston, daktari Saul Hertz alimpa mgonjwa wa tezi ya shingo iodini yenye mionzi. Tezi ile hupenda iodini, ndiyo maana chumvi yetu huongezwa madini hayo, basi dawa ikaenda moja kwa moja mahali penye ugonjwa. Ilikuwa hatua kubwa ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaja kamera ya gama ya Hal Anger wa California, inayoweza kuona dawa ilipo ndani ya mwili. Karibu na wakati huo maabara ya Brookhaven, karibu na New York, ikabuni chombo kidogo cha kukamua dawa iitwayo teknetiamu kila asubuhi, kama mtu akamuavyo ng'ombe. Wataalamu wenyewe wa Kiingereza hukiita ng'ombe, sitanii.

Tazama sasa kilichotokea. Asiye na swichi ni mgonjwa. Anatoka chumba hiki kwenda kile, anakwenda msalani, anakaa kwenye benchi, na kila anapopita mionzi inatoka mwilini mwake. Kamera ya gama yenyewe haitoi mionzi yoyote, inapokea tu. Kwa hiyo wajenzi waliozoea kuikinga dunia na mashine ilibidi wajifunze kuikinga na mtu aliyelala kitandani, bila kumfanya ajione ametengwa. Hilo la pili, nakiri, halijafanikiwa vizuri.

Teknetiamu haikuwasumbua sana. Mionzi yake ni ya upole, na kila baada ya saa 6 hupungua kwa nusu. Risasi ile ile ya milimita 2 huiacha ipite sehemu isiyozidi moja hivi katika mia. Hospitali nyingi ziliweza kuigeuza idara ya eksirei iwe ya tiba ya nyuklia bila kubomoa ukuta.

Halafu ikaja PET, na hapa ndipo aliposimama dada yetu. Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, watu walidungwa kwa mara ya kwanza sukari iliyofungwa florini yenye mionzi. Seli za saratani nyingi hula sukari kwa pupa, hivyo huonekana kwenye picha ziking'aa kama taa usiku. Mwaka 1998, huko Pittsburgh, David Townsend na Ronald Nutt waliunganisha mashine ya PET na ile ya CT ikawa mashine moja mseto: upande mmoja unaonyesha ugonjwa unawaka, upande wa pili unaonyesha uko katika kiungo gani. Mwaka 2001 mashine za namna hiyo zikaanza kuuzwa, na mahospitali yakazikimbilia.

Lakini mionzi ya florini ina nguvu karibu mara nne ya ile ya teknetiamu. Risasi ya milimita 2, iliyoizuia teknetiamu karibu yote, huiachia florini zaidi ya robo tatu. Ile aproni ya risasi anayovaa fundi wa eksirei ni kama kanga mbele ya mvua ya masika. Ili ipite sehemu moja tu katika kumi, unahitaji risasi ya milimita 16 au 17, au zege la sentimita 18 hivi. Risasi ya unene wa sentimita 2 ina uzito wa kilo 227 kwa kila mita moja ya mraba. Sasa unajua kwa nini mlango ulikuwa mzito kama wa benki. Tena si kuta na milango tu. Sakafu na dari pia zapaswa kupigiwa hesabu, kwa sababu ghorofa ya juu yaweza kuwa na wodi ya watoto, na ya chini duka la dawa. Wanafizikia wa tiba wa Marekani walitoa mwongozo kamili wa hesabu hizo mwaka 2006, na ndio unaofuatwa katika nchi nyingi hata leo.

Ngoja nikupe hesabu moja, uone inavyofanya kazi. Mionzi inayoingia mwilini hupimwa kwa milisivati. Mtu wa kawaida, asiyefanya kazi ya mionzi, haruhusiwi kuzidisha milisivati 1 kwa mwaka kutokana na shughuli za namna hii, mbali na mionzi ya matibabu yake mwenyewe. Tuseme hospitali inahudumia wagonjwa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, kila mmoja akilala saa moja baada ya sindano ya kawaida. Karani ameketi mita 3 kutoka kitandani, upande wa pili wa ukuta wa mbao. Kwa mwaka mmoja atapata kama milisivati 6. Yeye si mgonjwa, hana faida yoyote anayopata kwenye picha ile, na pengine hata hajui anayelala ng'ambo ya ukuta amedungwa nini. Ukuta mnene ulijengwa kwa ajili ya karani huyo. Hukujengwa kwa hofu ya mgonjwa.

Ndiyo maana husikitika nikisikia wakuu wa hospitali wakisema, "Chumba kipo, ile eksirei ya zamani tutaihamisha, tuletewe mashine mpya." Chumba hakipo. Lazima hesabu itangulie saruji.

Kwetu Kenya sheria ya kujikinga na mionzi ilipitishwa mwaka 1982, ikaunda bodi ya kusimamia jambo hilo. Sheria mpya ya mwaka 2019 ilikabidhi kazi hiyo Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya. Hospitali Kuu ya Kenyatta ilikuwa na tiba ya nyuklia kwa miaka mingi kabla ya PET kufika. Wagonjwa waliohitaji PET walipanda ndege hadi India au Afrika Kusini, wenye uwezo lakini. Mwaka 2018 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilianza kutoa huduma hiyo pamoja na mtambo wake wa kutengeneza dawa, na baadaye Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafuata. Mtambo lazima uwe karibu, kwa sababu dawa ile hupungua nusu kila dakika 110. Ukiiagiza kutoka mbali itafika maji matupu.

Turudi kwa dada yetu. Je, mama alikuwa hatari kwako? Kwa makadirio, kukaa kando ya kitanda chake, nusu mita, kwa saa ile moja, kungekupa kama sehemu moja katika kumi ya kiasi cha mwaka mzima. Si kiasi cha kukuua, wala cha kukufanya ukose usingizi leo. Lakini una mtoto tumboni, ambaye seli zake zinagawanyika upesi, na hukuwa na sababu ya kimatibabu ya kumpa mionzi hata kidogo. Muuguzi alifanya sawasawa. Alikosea kitu kimoja tu: hakukueleza.

Na mama kulala kimya peke yake? Hapo sababu si ukuta. Dawa ile ni sukari, na msuli unaofanya kazi hula sukari. Mama angezungumza nawe saa nzima, misuli ya taya na koo ingeng'aa kwenye picha, na daktari angeshindwa kujua lipi ni soga na lipi ni saratani.

Atakaporudi kwa picha nyingine, asindikizwe na mtu mzima asiye na mimba. Kama nyumbani kuna mama anayenyonyesha anayehitaji kipimo hicho, amwambie daktari kabla ya kudungwa. Baada ya picha mama anywe maji mengi na aende haja ndogo mara kwa mara, kwa maana sehemu ya dawa hutoka kwa mkojo, ndiyo sababu alionyeshwa choo cha peke yake. Umbali nao ni ukuta usiogharimu kitu: ukitoka mita 1 ukasimama mita 2, mionzi inayokufikia inabaki robo. Na kama alidungwa saa tatu asubuhi, ikifika saa mbili usiku mionzi imebaki sehemu moja katika 64. Wakati huo kaa naye mle pamoja, na umshike huo mkono.

(Muziki wa kufunga.)