Baraza la Kaunti ya Durham

Hapo kale kaunti za Uingereza ziliendeshwa na mahakimu wasiochaguliwa, wengi wao wenye mashamba. Sheria ya 1888 ikawapa walipa kodi haki ya kuchagua madiwani. Huko Durham, nchi ya makaa ya mawe, mwaka 1919 Chama cha Labour kilishika baraza, na Peter Lee, aliyeingia machimboni akiwa mtoto wa miaka 10, akawa mwenyekiti. Kilishindwa 1922, kikarudi 1925, kikatawala hata 2021 kilipopoteza wingi wake. Na 2025 chama cha Reform UK kikashinda. Machimbo yalikuwa yamekwisha kufungwa, na wana wa wachimbaji hawakurithi kura za baba zao. Baraza ni amana. Mwenyewe ni mpiga kura.