Golikipa Mkuu wa Simba ni Nani?

Kaeni karibu na redio, na mwenye daftari alifungue.

Juma lililopita nilikuja darasani kwenu Kahama. Nikaeleza kwamba historia ni kazi ya kupima ushahidi, nikaona nyuso zinalala, maana wengi mlitoka kuvuna mpunga. Basi nikaacha chaki, nikauliza swali jingine: "Katika magolikipa wote waliolinda mlango wa Simba, mkuu wao ni yupi?" Usingizi ukaisha mara moja. Bibi mmoja anayeuza mchele sokoni akasema, "Kaseja! Nani mwingine?" Mzee aliyekaa nyuma akagonga fimbo chini, akasema, "Ninyi watoto wa juzi." Tukakaa hapo mpaka giza likaingia. Leo nataka tulimalize neno lile. Na ninyi wa Yanga msizime redio, kwa kuwa yenu pia yamo.

Kwanza tujue klabu yenyewe. Simba ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1936. Kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, na kwa jina hilo ikawa bingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1965. Jina la Simba lilikuja mwaka 1971. Klabu yenye umri huo imepata magolikipa wengi, nasi hatuwezi kuwataja wote.

Sasa, golikipa tumpime kwa kipimo gani? Mfungaji kazi yake ni rahisi kuhesabu. Alifunga 3, andika 3. Golikipa kazi yake ni jambo ambalo halikutokea. Mpira ulikuwa uingie, haukuingia. Kitu ambacho hakikutokea utakiandikaje?

Kijana mmoja darasani alisema tuhesabu mabao aliyofungwa, mwenye machache ndiye mkuu. Ni wazo zuri, lakini tulijaribu tukaona ubaya wake. Tulimchukua Aishi Manula, aliyetoka Azam kuja Simba mwaka 2017. Katika mashindano ya Klabu Bingwa Afrika ya 2018/19, Simba ilicheza michezo 6 ya kundi. Ilifungwa 5 na AS Vita kule Kinshasa, ikafungwa 5 na Al Ahly kule Misri, ikafungwa 2 na JS Saoura kule Algeria, na 1 na Vita hapa nyumbani. Bibi wa mchele alijumlisha kabla yangu: 13. Miaka miwili baadaye, katika 2020/21, Simba ilicheza tena michezo 6 ya kundi, na Al Ahly na Vita walikuwamo tena. Safari hii ilifungwa mabao 2 tu, ikaongoza kundi. Golikipa wa kwanza alikuwa Manula yule yule. Je, mwaka 2019 alikuwa mbovu, na mwaka 2021 akawa hodari? Hapana. Waliosimama mbele yake ndio waliobadilika, na timu nzima ilikwisha jifunza kucheza ugenini. Tena timu ile iliyofungwa 13 iliingia robo fainali, kwa sababu nyumbani ilishinda michezo yote 3. Kwa hiyo hesabu ya mabao ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi.

Kipimo changu mimi ni hiki: siku ile ambayo wenzake wote walikuwa wameshindwa, je, mikono yake iliamua mchezo? Na je, alifanya hivyo mara moja tu, au miaka na miaka?

Kwa kipimo hicho namweka Juma Kaseja wa kwanza. Mwaka 2003 Simba ilikutana na Zamalek ya Misri, iliyokuwa bingwa wa Afrika. Simba ilishinda 1 kwa 0 Dar es Salaam. Marudiano Cairo ikafungwa 1 kwa 0, mambo yakawa sawa, wakaenda kwenye penalti. Kaseja alikuwa kijana bado. Alizuia mikwaju ya Wamisri katika uwanja wao, mbele ya watu wao. Christopher Alex Massawe akapiga mkwaju wa mwisho ukaingia, Simba ikashinda penalti 3 kwa 2, ikaingia hatua ya makundi, na bingwa wa Afrika akatoka. Miaka ikapita. Kaseja alikwenda Yanga, akarudi Simba, akaondoka tena, akachezea klabu nyingine. Mwaka 2019, watu wakidhani amezeeka, alisimama mlangoni mwa Taifa Stars dhidi ya Burundi katika kufuzu Kombe la Dunia, na penalti zile Tanzania ilishinda 3 kwa 0. Kati ya siku hizo mbili imepita miaka 16.

Wa pili ni Mohamed Mwameja, aliyeitwa Tanzania One. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Nusu fainali ilishinda 3 kwa 1 Dar es Salaam, ikaenda Luanda dhidi ya Atlético Aviação ikiwa imebeba akiba ya mabao mawili, na kule mlango haukufunguliwa: 0 kwa 0. Fainali ya kwanza Abidjan, dhidi ya Stella, tena 0 kwa 0. Michezo miwili ugenini, mabao sifuri. Kisha marudiano nyumbani Simba ikafungwa 2 kwa 0, na watu wazima wakalia hadharani. Wengine humnyima Mwameja nafasi kwa ajili ya siku ile. Mimi siwezi, kwa sababu bila Luanda na Abidjan kusingekuwa na siku ile.

Hapa ndipo yule mzee wa nyuma aliponikatiza. Mimi nilikuwa nimemweka Manula wa tatu, na Athumani Mambosasa wa nne. Mzee akaniuliza, "Mwalimu, huyo Mambosasa ulimwona?" Nikasema sikumwona, sikuwa nimezaliwa. Akasema, "Mimi nilimwona. Nilikuwapo Nyamagana."

Alikuwa anasema juu ya tarehe 10 Agosti 1974, mjini Mwanza, Simba na Yanga wakigombea ubingwa wa taifa. Adam Sabu alifungia Simba mapema. Gibson Sembuli wa Yanga akasawazisha dakika za mwisho, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Yanga 2, Simba 1. Mzee wetu ni wa Simba, na siku hiyo alirudi na huzuni. Lakini alisema kwamba mipira aliyoipangua Mambosasa kabla ya bao la Sembuli haikuandikwa popote, iko kichwani mwake tu, na wenzake aliokwenda nao Mwanza wamekwisha kufa.

Neno hilo lilinirudisha kwenye vitabu. Nilikuta hivi. Mwaka ule ule wa 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikakutana na Mehalla ya Misri. Simba ilishinda 1 kwa 0 nyumbani, ikafungwa 1 kwa 0 kule, ikatolewa kwa penalti. Bao moja tu katika michezo miwili, na Mehalla hao wakaenda fainali. Jambo hili lilikuwa limeandikwa siku zote, ila mimi sikulitafuta, kwa kuwa ya Kaseja nilikuwa nimeyaona kwenye picha. Basi nimebadilisha. Mambosasa ni wa tatu, Manula ni wa nne. Omari Mahadhi wa miaka ile ile ya 1970 anastahili kutajwa pamoja nao. Na Moussa Camara wa Guinea, aliyeokoa penalti dhidi ya Al Masry mwaka 2025, siku zake zilikuwa bado chache kupimwa na hawa.

Kijana wa darasani bado hakubali. Anasema mzee mmoja ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi, kama nilivyosema mwenyewe. Amenishika kwa maneno yangu. Kwa hiyo nawaomba: ye yote aliyekuwapo Nyamagana siku ile, wa Simba au wa Yanga, afike darasani Kahama aseme alichokiona.

Kazi ya juma hili. Andika mistari mitatu juu ya golikipa uliyemwona kwa macho yako, hata kama ni wa timu ya kijiji. Jina lake, uwanja na mwaka, na mpira mmoja aliouzuia. Asiyeweza mistari mitatu aandike jina tu. Mzee wetu ameanza hivyo, nami nimeliona daftari lake: Ma-mbo-sa-sa. Silabi ya pili imempa taabu kidogo, herufi tatu pamoja, m, b, o. Tutaisoma wote Alhamisi. Kwaherini.