‘Sawa Sawa’: Albamu iliyohukumiwa kwa wimbo mmoja

ALBAMU ya Sawa Sawa, iliyotolewa mwaka 2001, ndiyo iliyomtambulisha Eric Wainaina kama mwanamuziki wa kujitegemea. Kabla ya hapo, wapenzi wa muziki jijini Nairobi walimfahamu kama mmoja wa waimbaji wa Five Alive, kundi la vijana lililosifika katika miaka ya tisini kwa ustadi wa kuoanisha sauti. Mwaka 1997 aliondoka nchini kwenda kusomea muziki katika chuo cha Berklee mjini Boston, Marekani.

Muziki wake si rahisi kuuwekea jina. Una gitaa la mtunzi anayeimba kisa chake mwenyewe, una mnyumbuko wa nyuzi za benga, na una sauti za kwaya zinazokumbusha Five Alive. Wapo waliodhani mtindo huo aliutoa ng’ambo. Hata hivyo, Kenya ilikuwa na mabingwa wa gitaa kavu tangu miaka ya hamsini, akiwemo George Mukabi, ambaye aliimba hadithi na mawaidha kwa gitaa moja tu na mdundo wa chupa. Wainaina aliirithi kazi hiyo ya msimulizi, akaivika vazi la studio ya kisasa.

Mapokezi ya albamu hiyo, lakini, yalitawaliwa na wimbo mmoja: Nchi ya Kitu Kidogo. Maneno hayo ya kichwa, sawa na neno ‘chai’, ni tafsida ambayo Wakenya huitumia kuficha hongo. Abiria wa matatu kutoka katikati ya jiji kwenda Kangemi au Kawangware hakuhitaji kufafanuliwa. Alikuwa amezoea kumwona makanga akimpenyezea askari noti barabarani, na safari ikaendelea kana kwamba hakuna lililotendeka.

Wimbo ulitoka wakati mwafaka. Katika orodha ya shirika la Transparency International ya mwaka 2001, Kenya ilishika nafasi ya 84 miongoni mwa nchi 91. Januari 2002, tawi la Kenya la shirika hilo likatangaza kuwa mkazi wa mjini alitoa hongo takriban mara 16 kwa mwezi. Takwimu hizo zilisomwa na wachache. Wimbo uliimbwa na wengi.

Serikali ya wakati huo, chini ya Rais Daniel arap Moi, haikuupokea kwa furaha. Redio ya taifa, KBC, haikuupa nafasi. Katika hafla moja iliyohudhuriwa na Makamu wa Rais, George Saitoti, maafisa walijaribu kumzuia Wainaina asiuimbe. Miaka ya sabini, hatua kama hizo zingetosha kuufukia wimbo, kama ilivyojaribiwa pale Joseph Kamaru alipoimba kuhusu mauaji ya mwanasiasa J.M. Kariuki ya mwaka 1975. Kufikia 2001 mambo yalikuwa yamebadilika. Tangu Capital FM ilipoanza kutangaza mwaka 1996, KBC haikuwa tena mlango wa pekee wa kumfikia msikilizaji wa Nairobi.

Sifa zikafuata, na mwaka 2002 Wainaina akatuzwa katika mashindano ya Kora, nchini Afrika Kusini, kama msanii bora wa Afrika Mashariki. Akaanza kutajwa kama sauti ya vita dhidi ya ufisadi.

Hapo ndipo penye kasoro ya mapokezi yenyewe. Wimbo ulisikilizwa kama mashtaka dhidi ya wakubwa, ilhali mchezo wake wa maneno unahusisha udogo wa kinachotolewa na udogo wa wanaokitoa na kukipokea. Mshtakiwa ni pamoja na mwananchi aliyekuwa akipiga makofi. Uchaguzi wa Desemba 2002 ulipoiondoa KANU mamlakani, ingeweza kudhaniwa kuwa kazi ya wimbo imekwisha. Mwaka 2004 kashfa ya Anglo Leasing ilifichuka chini ya serikali mpya, na wimbo ukawa na maana ile ile.

Katika jambo hilo unatofautiana na Unbwogable wa Gidi Gidi Maji Maji, uliovuma katika kampeni za 2002 na kuchambuliwa na wasomi Joyce Nyairo na James Ogude. Ule ulikuwa wimbo wa ushindi, na ushindi una tarehe yake. Wa Wainaina ulikuwa wimbo wa tabia, na tabia haiondolewi kwa kura.

Sehemu nyingine za albamu zilichelewa kutendewa haki. Mfano bora ni Daima, wimbo wa uzalendo ambao kando ya kishindo cha Nchi ya Kitu Kidogo ulionekana mpole mno. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,000, na katika majonzi hayo Wakenya waliurudia kama sala ya umoja. Upole uliodhaniwa kuwa udhaifu ukawa ndio uliohitajika. Si ajabu, kwani hata Kenya Only, wimbo wake mwingine, wengi waliuhusisha na maombolezo ya shambulio la bomu la Agosti 7, 1998, lililoua zaidi ya watu 200 katikati ya jiji.

Kwa hiyo anayeirejelea Sawa Sawa leo anafaa kuisikiliza yote. Wimbo wa kukemea unapata uzito kwa kuwa umeimbwa na mtu anayeipenda nchi yake, na wimbo wa kuipenda nchi unaaminika kwa kuwa mwimbaji hakuficha aibu zake. Baada ya Twende Twende ya mwaka 2006, Wainaina aliiita albamu ya 2011 Love + Protest, yaani mapenzi na upinzani. Yote mawili yalikuwamo tangu ile ya kwanza.