Chipu, Lenzi na Flashi: Ufundi wa Mashine za Gemu Pembezoni mwa Nyungwe

Tarafa ya Bweyeye, iliyo katika Wilaya ya Rusizi mpakani mwa Rwanda na Burundi, huunganishwa na sehemu nyingine za nchi kwa barabara itokayo Pindura na kupita katikati ya msitu wa Nyungwe, hivyo kipuri kinachonunuliwa Kamembe, au Bukavu ng'ambo ya mto Ruzizi, kina safari ndefu kabla ya kufika huko. Kwa maeneo ya namna hii, historia ya kubadili mashine za gemu haiwezi kuelezwa kama historia ya uharamia wa kunakili gemu pekee, kwa kuwa kubadili mashine na kuitengeneza vilikuja kuwa kazi moja.

PlayStation ya kwanza, iliyotolewa na Sony nchini Japani tarehe 3 Desemba 1994, ilifungwa kwa hila ndogo: mwanzoni mwa kila diski halali, mfereji wa data ulitikiswa kidogo ili ubebe herufi nne za soko lake, SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani na SCEE kwa Ulaya, na kwa kuwa vifaa vya kawaida vya kuchomea CD havikuweza kuiga mtikisiko huo, nakala ilikataliwa. Chipu ya fundi, kijikompyuta chenye miguu minane kilicholehemiwa kwenye bodi kwa nyaya chache, haikufanya zaidi ya kuzirudia herufi hizo mpaka mashine iridhike. Kasoro kubwa ya matoleo ya mwanzo ilikuwa kwingine: kibebeo cha lenzi, yaani jicho la leza linalosoma diski, kilitelezea kwenye plastiki karibu na pawa saplai yenye joto, na kilipolika lenzi iliinama, hata wachezaji wa nchi nyingi wakazoea kuigeuza mashine juu chini.

PlayStation 2, iliyoingia sokoni Japani Machi 2000, nayo ilikuwa na udhaifu wa jicho. DVD iliyochomwa huakisi mwanga hafifu kuliko ile iliyochapwa kiwandani, kwa hiyo lenzi iliyochoka huanza kwa kushindwa kusoma nakala, na katika vibanda vya gemu, ambako mashine huwaka mchana kutwa, uchovu huo huja mapema. Mashine za mwanzo za Japani, zile nene, zilizoundwa kwa volti 100, nazo ziliunguza pawa saplai pale zilipochomekwa bila transfoma kwenye umeme wa volti 230 unaotumika Rwanda.

 

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja 2008 kwa Free McBoot, programu iliyowekwa kwenye memori kadi na kutumia tabia ya PlayStation 2 kutafuta humo masasisho ya mfumo kila inapowashwa, hivyo kulehemu chipu kukawa si lazima. Kwa programu nyingine, Open PS2 Loader, gemu lilisomwa kutoka kwenye diski ngumu ya mashine nene au flashi, na lenzi iliyokufa ikaacha kuwa hukumu ya kifo kwa mashine nzima. Flashi ilikuwa na gharama yake: mlango wa USB wa mashine hiyo haupitishi zaidi ya megabiti 12 kwa sekunde, hivyo video hukatakata, na gemu linalozidi gigabaiti 4 lilipaswa kugawanywa vipande kwa sababu mfumo wa FAT32 haukubali faili kubwa kuliko hapo. Sony iliiziba njia hiyo ya memori kadi katika mashine za mwisho za mfululizo wa SCPH-90000, ndiyo maana fundi mzoefu huigeuza mashine na kusoma namba ya nyuma kabla hajataja bei.