Mitupo ya Bill Russell ambayo haikuhesabiwa
Hebu jiulize: Bill Russell alizuia mitupo mingapi? Hakuna anayejua. Alitwaa ubingwa wa NBA mara 11 na Boston Celtics, kati ya 1957 na 1969, ila ligi ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973-74. Fomula za leo zinamlinganisha mchezaji wa dakika 20 na wa dakika 40 bila kumwonea yeyote, sawa. Lakini ukimwingiza Russell, kazi aliyosifika nayo zaidi haimo. Na hata ingekuwemo: yeye mara nyingi aliusukumia mpira kwa wenzake, mwingine huupiga hadi kwa mashabiki, wapinzani wakarudishiwa. Daftarini zinaandikwa sawasawa. Kwa hiyo ukikutana na orodha ya wachezaji bora wa nyakati zote, angalia kwanza kilihesabiwa nini, na tangu lini.